Mtoto Akiomba Kuhama Mara ya Tatu

Nataka kuzungumza na wazazi wenzangu juu ya jambo ambalo huku kwetu Shianda husemwa sana kwa kunong'ona, nalo ni la watoto wanaotaka kuhama shule, au kuacha masomo waliyoyaanza na kushika mengine, si mara moja bali tena na tena. Watu wengi huwahesabu watoto hao kuwa wavivu, na mzazi anayewasikiliza huhesabiwa kuwa dhaifu. Mimi ninaye binti wa namna hiyo. Ameniomba kuhama mara tatu. Mara ya kwanza nilikubali, mara ya pili nilikataa, na mara ya tatu nilikubali nusu. Na kila mara hawakukosekana jirani wa kuniambia kwamba nimefanya kinyume cha ipasavyo.

Sitalitaja jina lake, maana sasa ni mtu mzima na heshima yake ni mali yake. Lakini kwa kuwa alirithi jina la marehemu mama yangu, sisi nyumbani twamwita Mama, nami nitamwita hivyo hapa.

Wasomaji walio mbali yafaa wajue kwanza hali yetu. Shianda ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Mumias, katika nchi ya Wawanga. Hapa kwetu ada ya shule na muwa ni ndugu wa tumbo moja. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, wazazi wengi wamesomesha kwa muwa. Lakini ndugu hawa wawili hawaendi mwendo mmoja. Muwa hukaa shambani miezi 18, na pengine zaidi ya 20, kabla ya kukatwa, ambapo shule hudai fedha mara tatu kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima wa muwa hulipa ada kwa fedha ambazo bado ziko ardhini. Kisha kiwanda chenyewe kikakabidhiwa msimamizi kwa sababu ya madeni, Septemba 2019, na wengi wetu tukaanza kupeleka muwa kwenye viwanda vya upande wa Kabras, au tukaung'oa tukapanda mahindi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mtoto wa Shianda anapotamka, "Baba, nataka kuhama," baba husikia jina la ng'ombe atakayeuzwa.

Basi Mama alimaliza darasa la 8 mwaka 2019, akapata nafasi katika shule moja ya bweni ya wasichana, katika nchi ya baridi iliyo juu ya ukingo wa Nandi. Tulifurahi. Tulinunua sanduku la chuma, godoro, ndoo, sare mbili na viatu, akaingia Kidato cha 1 Januari 2020. Hakukaa sana, kwa maana Machi mwaka huohuo shule zote zilifungwa kwa ajili ya Korona, na darasa lake halikurudi mpaka Januari 2021. Miezi ile alikaa nyumbani akipalilia na kukamua, akanenepa. Aliporudi shuleni akakonda tena, na kila likizo alinijia na neno lilelile: "Baba, shule ile ni mbaya."

Mimi nilikuwa karani wa ofisi kwa miaka mingi, na karani haamini sana neno lisiloandikwa. Nikampa karatasi na kalamu nikamwambia, "Mama, 'mbaya' si sababu. Niandikie ni nini kilicho kibaya, umefanya nini juu yake, na unatumaini kupata nini mahali pengine." Akaenda jikoni akaandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulihusu maharage yenye wadudu, na kuamshwa saa kumi ya usiku kwa maandalio, na viranja wenye ulimi mkali. Yote haya nayajua, nami sikuona hata moja la kumtoa mtoto shuleni. Lakini mwishoni kabisa mwa ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo kama mtu anayeona haya, aliandika kwamba usiku hulala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi humkatikia.

Nawaomba wazazi wenzangu watue kidogo hapa. Mtoto wa miaka 15 haanzi na lile linalomuuma zaidi. Huanza na maharage, kwa kuwa maharage hayamwaibishi. Lau ningemjibu kwa habari ya maharage, kwamba sisi zamani tulikula mabaya zaidi tukasoma, ningekuwa nimesema kweli tupu, na mtoto angerudi kulala ameketi. Tulimpeleka kwa daktari, naye akasema ni pumu, na kwamba baridi na vumbi la bweni lililojaa humzidishia. Basi tukakata shauri kwamba ahame, asome shule ya kutwa karibu na nyumbani.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na kazi ambayo sikupata kuisoma katika gazeti lo lote, nami nitaieleza kwa kifupi. Tulingoja mpaka Kidato cha 2 kiishe, mapema mwaka 2022, ili aanze Kidato cha 3 mahali papya Aprili ile. Hatukuchagua wakati huo kwa kubahatisha. Katika Kidato cha 3 ndipo mwanafunzi alipokuwa akipunguza masomo yake kutoka kumi na moja au karibu na hapo, akabaki na saba au nane ya kufanyia mtihani wa KCSE. Mtoto ahamaye kabla ya kuchagua huchagua katika yale ambayo shule mpya inayafundisha. Ahamaye baada ya kuchagua aweza kukuta kwamba somo lake halina mwalimu. Tena ilitupasa kwenda shule ya zamani kulipa baki la ada na bei ya kitabu kimoja kilichopotea, ndipo tukapewa barua ya kumwachilia. Na barua peke yake haikutosha. Shule ya zamani ilipaswa pia kumwachilia katika NEMIS, yaani mtambo wa serikali wa kuandikia wanafunzi, kwa sababu wakati ule fedha ambazo serikali ililipa kwa kila mwanafunzi zilifuata jina lake humo. Mahali hapo tulikaa majuma matatu, kila siku tukiambiwa mtambo hauna nguvu. Nilikwenda mara nne, nauli yangu mwenyewe, mpaka jina likatoka.

Wazee wa kwetu hawakupendezwa, nami nawaelewa. Baba yangu alisoma katika miaka ya 1950, wakati mtoto wa Kiafrika alipofanya mtihani wa kuchujwa mwisho wa darasa la 4, na mwingine mwisho wa darasa la 8, na kila mara wengi wakaachwa nje. Aliyepata nafasi alikuwa kama mtu aliyepewa kiti katika baraza lenye viti vichache, akiinuka tu kiti kina mwingine. Watu waliolelewa katika hali hiyo hawawezi kuona kuhama kuwa ni jambo la kawaida. Lakini hata katika siku hizo hizo watu walibadili njia. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930, alisoma Yala, kisha Mang'u, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za kuendelea, mwaka 1948 akaenda Nairobi kusomea ukaguzi wa afya. Akaifanya kazi hiyo, kisha akaiacha kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda kusoma Ruskin College kule Oxford. Grace Ogot naye, ambaye alipata kusoma Butere, si mbali na kwetu, alijifunza uuguzi Uganda, akawa mtangazaji wa BBC London, na mwaka 1966 akachapisha riwaya. Siwataji ili kusema kwamba kila ahamaye atakuwa Mboya. Nawataja kwa sababu wazee waliposema kwamba hakuna aliyefanikiwa kwa kubadili masomo, wawili hawa walikuja kichwani mwangu.

Ombi la pili lilikuja mapema mwaka 2023, Mama akiwa Kidato cha 4. Rafiki yake alikuwa amehamia shule moja ya upande wa Mumias, na ikasemekana kwamba huko mitihani ya majaribio ni mizuri na walimu hawakosi darasani. Nikampa karatasi tena. Safari hii iliandikwa nusu ukurasa tu, na jina la rafiki lilitajwa mara tano. Nilimwambia hapana.

Sikuitoa hapana hiyo kwa ukali, wala sikuitoa bila sababu. Nilimwonyesha kwamba mtahiniwa husajiliwa na Baraza la Mitihani chini ya shule yake, na kwamba katika somo la Kilimo alikuwa amekwisha kuanza ile kazi ya shamba ambayo hupimwa pamoja na mtihani, na kabichi zake haziwezi kubebwa kwenda Mumias. Aliyakubali kwa akili, lakini moyo haukukubali. Kwa muda wa majuma mawili alinipakulia chakula bila kusema neno. Hata hivyo katika ile nusu ya ukurasa palikuwa na neno moja la kweli, nalo ni kwamba katika Hesabu alikuwa akiachwa nyuma. Basi nilimwendea mwalimu mmoja mstaafu aliye jirani yetu, akakubali kumfundisha Jumamosi asubuhi, nasi tukampelekea maziwa. Kukataa ombi la mtoto na kukaa kimya ni kazi nusu. Kilichomsukuma kuomba bado kipo, na mzazi aliyekataa ndiye mwenye deni la kukitafutia dawa nyingine.

Matokeo yalitoka Januari 2024. Alipata C-. Wasomaji wajua kwamba kuingia chuo kikuu kwataka C+, lakini C- yatosha kusomea diploma katika chuo cha ufundi. Ukoo ukakaa. Mjomba wake wa Nairobi akasema kwa simu kwamba dunia ya leo ni ya biashara na uhasibu, asomee hayo. Dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni senje wa watoto na neno lake halipiti bure, akasema kazi ya ofisini humpa msichana heshima. Mama mwenyewe alipoulizwa akasema, "Sawa tu." Akaingia chuo kimoja cha ufundi cha kaunti yetu Mei 2024, kusomea biashara.

Agosti ile alipokuja likizo, senje wake alikuwa akitiliwa umeme katika nyumba yake mpya. Fundi alikuja peke yake, kijana wake wa kumsaidia alikuwa mgonjwa, akaomba mtu wa kumshikia ngazi. Mama akashika. Siku ya pili akawa anampitishia nyaya katika paipu. Siku ya nne senje aliniita niende nione: swichi ya jikoni ilikuwa imefungwa na Mama kwa bisibisi yake mwenyewe, na fundi amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Jioni ile alikula akizungumza mfululizo, juu ya waya mwekundu na waya mweusi na ule wa kwenda ardhini, na kwa nini watu wa kwetu huchomewa nyumba kwa kuunganisha ovyo. Bibi yangu alinitazama, nami nikamtazama. Tulijua kwamba karatasi yaja.

Ilikuja Septemba, bila kuombwa, kurasa tatu. Alitaka kuacha biashara asomee ufundi wa umeme, tena alitaka kuacha chuo kile aende kingine, kikiwezekana Kisumu.

Majirani waliposikia wakasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Senje akaja mwenyewe kwa miguu, akaketi, akasema, "Ndugu yangu, yaani wataka mwana wa kike apande nguzo kama tumbili?" Nikamjibu kwamba taa anayoisifia ilifungwa na huyo huyo. Akacheka kidogo, lakini hakuondoka ameridhika.

Nami sikuwa nimeridhika upesi. Nilisoma kurasa zile tatu mara mbili. Katika ukurasa wa kwanza na wa pili palikuwa na kitu ambacho hakikuwamo katika barua za kwanza: mambo aliyokwenda kuyauliza mwenyewe. Alikuwa ameandika kwamba katika mfumo huu mpya wa ufundi kuna ngazi, ya 4, ya 5 na ya 6. Kwamba kwa alama yake ya Fizikia, iliyokuwa D+, chuo kilimwambia hataingia umeme katika ngazi ya 6 ya diploma aliyokuwamo, bali ataanza ngazi ya 5 kisha apande. Na kwamba fundi hawezi kuthibitisha kazi ya umeme kwa sahihi yake bila leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati na mafuta. Mtoto anayekimbia kitu haandiki habari za leseni. Tena alikuwa akiomba kushuka ngazi, jambo ambalo mvivu hafanyi, kwa kuwa lilikuwa na aibu yake. Mjomba wa Nairobi alipolisikia alisema, "Basi arudi na chekechea."

Lakini lile la Kisumu halikuwa na maelezo. Nikamwuliza, "Chuo ulichomo hakifundishi umeme?" Akasema chafundisha. "Wafundishaji ni wabaya?" Akasema hapana, wanasifiwa. Akanyamaza, akachora ardhi kwa kidole cha mguu, kisha akasema kwamba hataki wale wa diploma wamwone akipita na ovaroli. Hapo nikaona kwamba maombi yalikuwa mawili yaliyofungwa katika mtumba mmoja. Moja lilikuwa la kazi, na jingine lilikuwa la haya ya ujana. Nilimwambia, "La kwanza tutalitazama. La pili, Mama, itakubidi ulivae pamoja na hiyo ovaroli." Kubaki chuo kilekile kuliokoa kodi ya chumba cha mjini na nauli ya Kisumu, tena masomo mawili ya msingi aliyokwisha kupimwa, la mawasiliano na la kompyuta, yalikubaliwa aende nayo. Hayo hatungeyapata kwa kukisia. Tulikwenda wote wawili ofisini kwa msajili tukauliza, na yeye ndiye aliyeuliza, mimi nilikaa kando na kofia yangu.

Yapo mambo mawili ambayo sikumkubalia kuyavuka. Kwanza, asiache darasa la biashara mpaka barua ya kupokewa kwenye umeme iwe mkononi. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi wapya Januari, Mei na Septemba. Aachaye Oktoba hukaa nyumbani mpaka Januari, na akiikosa Januari hukaa mpaka Mei. Nimeishi Shianda muda wa kutosha kuona yanayotokea katika miezi hiyo. Mvulana aliyeacha hapa wala hajaingia pale huazimwa pikipiki abebe abiria kwa siku mbili tatu, kisha fedha za jioni humnoga na shule husahauliwa. Msichana hujiwa na wachumba, au na wakala mwenye maneno matamu juu ya kazi za nyumbani Uarabuni. Kuhama hakuharibu watoto wengi kama kunavyoharibu kule kukaa katikati. Kwa hiyo Mama aliendelea kusoma hesabu za biashara mpaka Desemba, kwa uso mkavu, lakini aliendelea.

Pili, likizo ya Desemba aende kwa yule fundi wa umeme kwa majuma manne, bila malipo, si kwa nyumba ya senje bali kwa kazi atakayopewa. Fundi alimpa kazi ya kuchimba. Majuma mawili ya kwanza alichimba mitaro ya nyaya na kuchonga kuta kwa nyundo na tindo, jua la Desemba likimwakia, kwa kuwa watu wengi wanaopenda swichi hawajui kwamba nusu ya umeme ni jembe. Alirudi mikono imetoka malengelenge. Bibi yangu alimpaka mafuta akamwambia, "Waona sasa?" Naye akajibu, "Naona." Jumatatu iliyofuata akaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Bibi yangu ndiye aliyeniuliza swali gumu, usiku, watoto wamelala. "Baba, na akija mara ya nne?" Nilitoa kisanduku cha stakabadhi, ambacho nimekiweka tangu mwaka 2020, tukahesabu pamoja: ada, sare za shule mbili, magodoro mawili, nauli, vitabu, ada ya biashara. Jumla ilikuwa Sh. 186,400/=. Kesho yake nikamwonyesha Mama jumla ile. Wapo wazazi ambao humficha mtoto gharama ili asihuzunike, na wapo ambao humtajia kila siku mpaka ikawa kama wimbo. Mimi nilimwonyesha mara moja, kwa stakabadhi zake, nikamwonyesha na Sh. 31,000/= ambazo tumelipia biashara na ambazo hazitarudi, nikakifunga kisanduku. Alisoma kila karatasi. Hakulia, ila aliuliza kama ni kweli kwamba mtamba mwekundu aliuzwa kwa ajili yake. Nikamwambia ndiyo.

Kisha tukaandika mapatano, nakala mbili, sahihi tatu. Sisi wazazi tutalipa ada ya ngazi ya 5 mpaka ipite. Yeye atanunua koleo, bisibisi, kipimaji cha umeme na buti kwa fedha za sukuma wiki ya kipande cha chini na kwa kuku wake. Akiacha kabla ya kupimwa mwisho, masomo yatakayofuata atayalipia mwenyewe. Senje alipoona karatasi ile alisema kwamba namtendea mwanangu kama mkopeshaji. Labda ndivyo. Lakini niliona kwamba Mama aliikunja akaiweka katika kitabu chake, na tangu siku ile ameacha kusema "chuo chenu" akasema "chuo changu".

Aliingia darasa la umeme Januari 2025, wakiwa wasichana wachache katikati ya wavulana wengi. Juma la kwanza wale wa diploma walimwona na ovaroli, wakacheka, naye akaniambia kwa simu kwamba kicheko kilidumu siku mbili. Pumu ingalipo, hutembea na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na katika kuchonga kuta hujifunga kitambaa puani. Fizikia inamsumbua bado. Katika kupimwa kwa kwanza somo moja lilimshinda akalirudia. Sikupelekewa karatasi ya kuomba kuhama, nilipelekewa hesabu ya ada ya kurudia.

Kuna jambo jingine ambalo limeanza kunijia akilini, nalo lahusu mdogo wake. Yeye yumo katika mfumo mpya wa elimu, ambao mwanafunzi, akimaliza Gredi ya 9, huelekezwa katika njia mojawapo ya tatu: ya sayansi na ufundi, ya elimu ya jamii, au ya sanaa na michezo. Maana yake ni kwamba uamuzi ambao dada yake aliufikia akiwa na miaka 18, baada ya kushika ngazi ya fundi kwa mikono yake, huyu ataulizwa akiwa na miaka 14 au 15. Wakubwa wenzangu watakumbuka kwamba 8-4-4 nayo, ilipoanza Januari 1985, ilikuja na useremala na upishi na kazi za mikono, na wazazi tukachanga kwa harambee kujenga karakana. Kisha mwaka 2002 masomo yakapunguzwa, na karakana nyingi zikawa ghala za madawati mabovu. Mama hakupata kushika bisibisi shuleni hata siku moja. Kama wanaoongoza shule zetu watawapa watoto njia tatu bila kuwapa cho chote cha kushika mikononi, basi maombi ya kuhama yatakuwa mengi kuliko haya tunayoyalalamikia, na hayatakuwa makosa ya watoto. Kwa hiyo Jumamosi namtuma huyu mdogo mahali mahali: kwa fundi wa umeme, kwa mwenye duka la dawa za mifugo, kwa mpiga picha wa sokoni. Mpaka sasa aliyependa zaidi ni yule wa mifugo, ingawa nashuku kwamba ni kwa sababu ya soda.

Wazazi kadha wameniuliza ni mara ngapi mtoto aruhusiwe kuhama. Sina hesabu hiyo. Walio na watoto wa Kidato cha 4 naweza kuwaambia wasikubali, kwa sababu ya usajili na kazi za mtihani nilizozitaja. Walio na watoto wa vyuo waende kwa msajili kabla ya kugombana nyumbani, kwa kuwa huenda kozi inayotakiwa imo katika jengo la pili. Na atakayependa kuona ile karatasi yetu ya mapatano, nimeiweka. Aje nyumbani, siku yo yote isipokuwa Jumatano, ambayo ni siku ya kupeleka sukuma wiki sokoni. Kipande cha chini sasa nakilima mimi Mama akiwa chuoni, naye hunidai hesabu ya kila fungu.

Ada ya muhula ujao haijatimia. Muwa wa shamba la juu una miezi 14 tu, na mtamba aliyebaki ana mimba, wala sitaki kumwuza.